Pasheni zinachanua lakini hazishiki, na nyuki wakubwa weusi wametoweka: naombeni ushauri

Mama wa Mkuranga
Wanajukwaa, salaam. Ninalima pasheni za njano huku Mkuranga, mkoani Pwani. Misimu iliyopita maua yalijaa nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa maboriti ya nyumba. Tangu miembe na mikorosho mikavu ya jirani ilipokatwa ikachomwa mkaa, wamekuwa adimu, na maua mengi yanadondoka bila kushika. Nyuki wa asali bado ni wengi, na hilo ndilo linalonitatiza. Je, niongeze mbolea au nitafute mizinga?

Mrina Asali
Weka mizinga, dada. Nyuki wakizidi, maua yatashika, na asali utapata.

Bwana Shamba Mstaafu
Namheshimu mwenzangu, lakini kwa pasheni ya njano mizinga haitoshi. Ua lake limeumbwa kwa mdudu mkubwa: nyuki wa asali hupita chini, akachukua chavua (unga wa uzazi wa ua) bila kuigusa stigma (sehemu ya ua inayopokea unga huo) iliyo juu, ilhali yule mweusi, kwa ukubwa wake, huchota chavua kwa mgongo na kuipakaza stigmani anapotembelea ua la mmea mwingine. Hilo la mmea mwingine ni muhimu mno, kwa sababu pasheni ya njano, tofauti na ya zambarau, kwa kawaida haijichavushi yenyewe, na miche iliyotokana na vipandikizi vya mmea mmoja haisaidiani. Mbolea haitatibu tatizo hili.

Kwa sasa chavusha kwa mkono. Maua hufunguka kuanzia adhuhuri na kufunga jioni, hivyo ingia shambani mchana, chukua chavua kwa ncha ya kidole, uipake kwenye stigma zote tatu za ua la mmea uliotoka kwenye mbegu nyingine. Ifanye kazi hiyo kukiwa kukavu, maana chavua ikilowa mvua hupasuka. Usiwe mchoyo wa chavua, kwani ndiyo inayoleta mbegu nyingi, na tunda lenye mbegu nyingi ndilo lenye maji.

Mama wa Mkuranga
Ahsante sana, mzee wangu. Nitawarudishaje nyuki hao bila kuharibu paa la nyumba?

Bwana Shamba Mstaafu
Jike hutoboa mti mkavu, laini, usiopakwa rangi, na matundu ya zamani hutumika tena. Kwa hiyo paka rangi maboriti ya nyumba, kisha laza magogo makavu ya mwembe pembeni mwa shamba, mahali pasipofikiwa na mvua. Panda pia mbaazi na marejea (mmea wa jamii ya kunde), ili wapate chakula pasheni zisipochanua.

Kijana wa Kilifi
Naongeza moja, mama: mwombe jirani anayepulizia dawa ya wadudu asifanye hivyo mchana, maua yakiwa wazi. Asubiri jioni yafunge. Kwetu hilo tulikubaliana kwa mazungumzo tu, bila ugomvi.