Mrejesho: vitamini D na bayotini kwa dada yangu mwenye MS

Wapendwa, niliuliza kama dada yangu mwenye MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa neva, anaweza kuacha dawa atumie vitamini D na bayotini (aina ya vitamini B) tu. Asanteni sana mliotusihi tumwone kwanza daktari wa neva.

Dawa asiache, ndivyo alivyosema. Vitamini D amempa kwa sababu kipimo kilionyesha anayo kidogo. Kwenye utafiti wa Marekani wa 2023, waliomeza yuniti 5,000 kwa siku pamoja na dawa hawakupata nafuu kuwazidi waliomeza 600. Ule wa Ufaransa wa 2025 ulisaidia, ila kwa walioanza dalili karibuni, tena yuniti 100,000 kila wiki mbili. Jamani, msijaribu hiyo wenyewe nyumbani, vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu damuni, nayo huumiza figo.

Bayotini ndiyo iliyonishtua. Miligramu 300 kwa siku hazikufua dafu kwenye jaribio kubwa la 2020, na huvuruga vipimo vya damu. Kipimo cha dada cha thairoidi (tezi ya shingoni) kilitoka kibaya, tukahangaika wiki nzima. Alipoiacha na kupima upya, kikawa sawa. Anaendelea na sindano zake, na ganzi ya mguu imepungua.