Tupeane uzoefu: Siku kompyuta za ofisini zilipogoma kuiona seva

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo ndogo hapa Dar es Salaam, na simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote ni ya kuambiwa kwamba seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi, imekufa. Nikifika naikuta seva nzima, inanguruma chumbani mwake, ila kompyuta ndizo hazifiki kwake. Naomba kila aliyewahi kukumbana na hali hii atusimulie alichokikuta kwa macho yake.

Naanza mimi. Katika ofisi moja ya uwakala wa forodha, Jumatatu asubuhi, kompyuta 6 kati ya 14 zilishindwa kufungua folda ya pamoja, na meneja alikuwa ameshaizima na kuiwasha seva mara mbili, jambo ambalo liliwakatisha kazi hata wale 8 waliokuwa wazima. Niliketi kwenye kompyuta mojawapo, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao, nikaona anwani inayoanza na 192.168.1 ilhali ofisi ile hutumia 10.0.0. Maana yake ni kwamba kulikuwa na kifaa kingine kinachogawa anwani. Nilifuata waya mmoja mmoja hadi chini ya meza ya mapokezi, nikaikuta ruta ya nyumbani (kifaa cha kusambaza intaneti), imefunikwa kwa khanga, ambayo mfanyakazi aliileta ili simu yake ipate Wi-Fi. Waya wa ofisi ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya lile la WAN (la kupokea intaneti), hivyo ruta ikawa inagawa anwani kwa ofisi nzima. Zile 8 zilipona kwa sababu hazikuzimwa tangu Ijumaa na bado zilishikilia anwani zake za zamani. Niliichomoa ruta, nikatumia ipconfig /release kisha /renew kwenye zile 6 ili ziachie anwani hizo na kuomba mpya, na kazi ikaendelea.

Jibu kutoka Mwanza

Kwetu alikuwa panya. Kompyuta zote za ghorofa ya juu zilikuwa na anwani za 169.254, yaani zimejipangia zenyewe baada ya kukosa wa kuzipa. Taa za kijani zilinidanganya kwa saa nzima, kwa kuwa kila kompyuta ilikuwa imeunganika vizuri na swichi ya juu, yaani kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao. Waya uliotafunwa ni ule unaoiunganisha swichi hiyo na ya chini.

Jibu kutoka Arusha

Ndugu mleta mada, mimi nilisumbuliwa na saa. Kompyuta ya mhasibu wetu ilikuwa ya zamani, na kila umeme ulipokatika ilirudi na tarehe ya miaka mingi nyuma. Seva inayotumia Kerberos, yaani mfumo wa kuhakiki anayeingia kwenye mtandao, kwa mpangilio wake wa kawaida, haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Mama wa watu alilaumiwa kwamba amesahau neno lake la siri, akabadilishiwa mara tatu, kumbe ujumbe uliotokea kwenye skrini ulitaja waziwazi tofauti ya saa, ila aliufunga kila mara kabla ya kuusoma. Nilibadilisha betri ndogo ya CR2032 iliyomo ndani ya kompyuta na kurekebisha saa, na tangu hapo hajanipigia tena.

Jibu kutoka Mombasa

Nami nina langu, ambalo lilinichukua wiki mbili. Ofisi ilikuwa na kompyuta 23, na kila asubuhi watu wawili au watatu walikataliwa, ila si walewale: leo huyu, kesho yule. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha hata swichi, bila mafanikio. Siku moja niliamua kukaa tu mlangoni na daftari, nikaandika nani ameingia saa ngapi, nikagundua kwamba wanaokataliwa ni wachelewaji. Kilichoitwa seva kilikuwa kompyuta ya kawaida yenye Windows 10 Pro, ambayo huruhusu vifaa 20 tu kuunganika nayo kwa wakati mmoja. Mwenye ofisi hakunisadiki mpaka nilipomwomba azime kompyuta yake mwenyewe, na dakika chache baadaye kijana wa stoo, aliyekuwa amekaa bure tangu asubuhi, akaifungua folda.