Nikimaliza kilomita 30 chakula kinanikataa na kichwa kinagonga. Nile nini, ninywe nini?

Ticha_Mwenge

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na mbio ndefu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 37, kilo 64. Nimeshamaliza kilomita 21 mara nne, na safari hii nimejiandikisha 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Nikiwa barabarani sina tatizo. Tatizo linaanza nikishasimama.

Jumapili iliyopita nilitoka Mwenge saa 10:30 alfajiri, nikashuka Bagamoyo Road, nikapita Daraja la Tanzanite hadi Ocean Road, nikageuza na kuzunguka Masaki, nikamalizia Coco Beach. Kilomita 30 kwa saa 3 na dakika 35. Njiani nilikunywa maji kama lita moja na robo. Nilipomaliza nikanywa dafu moja, nikapanda bajaji, na nyumbani nikanywa maji ya kawaida lita mbili ndani ya saa moja, kwa sababu kila mtu ananiambia maji ndiyo kila kitu. Chakula kikanikataa kabisa. Mama mdogo alikuwa anakaanga vitunguu jikoni, ile harufu tu ikanichefua. Nikalala.

Nimeamka saa 8 mchana kichwa kinagonga, vidole vimevimba hadi pete haizunguki. Usiku kigimbi cha kulia kikakaza, nikapiga kelele hadi mume wangu akadhani kuna mwizi. Jumatatu nilifundisha nimekaa. Alhamisi miguu bado ilikuwa mizito.

Kwenye kikundi chetu kila mtu ana lake. Mmoja anasema ninunue kopo la unga wa protini, bei yake inatisha. Mwingine anasema dafu linatosha. Wa tatu anasema nisile hadi mchana ili mwili uendelee kuchoma mafuta, na huyo ndiye niliyekuwa namfuata kwa sababu nataka pia kupunguza kilo tatu. Niwasikilize wapi?

---

Jogger_Tegeta

Pole sana dada. Mimi sina elimu ya lishe, nasema ninachofanya. Nikimaliza mbio ya Jumapili naenda moja kwa moja kwenye supu: bakuli la supu ya mbuzi, ndimu, chumvi, chapati mbili. Kabla ya kuoga. Nikioga na kulala kwanza siku nzima inaharibika. Hilo kopo liache dukani.

---

Nesi_Kibosho

Mwalimu, shikamana na huyo wa supu, yuko karibu na ukweli kuliko wote watatu wa kikundi chako. Ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo, maana uliyoyaandika yamenigusa.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 51, na hizo 42 za Moshi nimezimaliza mara sita. Mara ya pili nilifanya ulichofanya wewe, ila kwa ukubwa zaidi. Nilikunywa maji matupu kila meza, nikafika mwisho tumbo linacheza kama kibuyu, nikaendelea kunywa. Baada ya nusu saa nikaanza kutapika, na nikamuuliza mke wangu mara tatu gari tumeliegesha wapi. Tulikuwa tumekuja kwa miguu. Nililazwa hadi jioni, na kipimo cha damu kilionyesha sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, imeshuka. Nimewaeleza wagonjwa wengi habari za chumvi na maji, na siku hiyo mwili wangu mwenyewe ndio ulionifundisha.

Jasho lina maji na chumvi. Ukirudisha maji peke yake kwa wingi na kwa haraka, chumvi iliyobaki kwenye damu inazimuliwa. Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mara tu walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini. Dalili iliyojitokeza zaidi kwa hao ilikuwa kwamba uzito wao uliongezeka wakati wa mbio badala ya kupungua. Sisemi wewe ulifika huko. Vidole huvimba kwa sababu nyingi. Lakini lita mbili za maji matupu kwa saa moja, bila chakula, halafu kichwa kugonga na pete kukwama, hapana. Usirudie. Na siku yoyote ukiona mwenzako baada ya mbio anatapika, anachanganyikiwa, kichwa kinamuuma sana, msimpe maji zaidi. Mpelekeni hospitali.

Sasa anza na mzani. Hata ule wa bafuni unatosha. Jipime alfajiri ukishatoka chooni, bila nguo. Ukirudi jifute jasho vizuri, vua nguo zote, jipime tena. Nguo zenye jasho zina uzito, zitakudanganya. Kila kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Unairudisha kwa lita moja na robo hadi moja na nusu, kwa sababu nyingine itaishia kwenye mkojo. Unaisambaza kwa saa tatu nne, pamoja na chumvi. Usiimimine kwa mkupuo.

Chumvi utaipata wapi? Supu inayo. Uji unaweza kuutia. Ukikosa vyote, changanya maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Ni ule mchanganyiko tunaowafundisha akina mama wenye watoto wanaoharisha, na utumbo wa mkimbiaji unaupokea kwa njia ileile: sukari kidogo na chumvi vinapita pamoja na kuvuta maji. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa.

Dafu nalipenda, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Wewe wa Dar dafu unalipata kila kona, basi kunywa, ila tia chumvi ya kubana kwa vidole vitatu au lisindikize na kitu chenye chumvi. Angalia pia fulana yako ikikauka. Kama ina ramani nyeupe mgongoni na pembeni mwa kofia ina unga wa chumvi, wewe ni wa kutoka chumvi nyingi kuliko wenzako.

Kuhusu kula: mbio ya saa tatu na nusu imemaliza sehemu kubwa ya wanga uliohifadhiwa kwenye misuli. Kuujaza upya kunachukua kama siku nzima, na misuli inapokea kwa kasi zaidi saa za mwanzo. Wanaokimbia tena jioni au kesho yake wanalenga gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Wewe hukimbii tena hadi Jumanne, kwa hiyo usihesabu dakika. Lakini ulikimbia tumbo tupu, ukakaa tena hadi saa 8 mchana bila kitu. Miguu ya Alhamisi ilitokea hapo. Siku ya mbio ndefu mwili wako unataka wanga kama gramu 400 hadi 500 kutwa nzima. Hizo kilo tatu zipunguze siku za Jumatano na Ijumaa kwa kupunguza vitafunwa. Usizitafute Jumapili.

Chakula kukukataa ni kawaida baada ya mbio ngumu kwenye joto. Ndiyo maana anza na cha kunywa. Mimi natembea na chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto. Usiku naipikia uji wa ulezi mwepesi, nusu maji nusu maziwa, sukari vijiko vitatu vya chai, chumvi ya kubana. Nauacha upoe uwe vuguvugu, kwa sababu wa moto hautashuka. Nakunywa kidogo kidogo nikiwa bado natembeatembea kupoza miguu, na ndizi mbivu moja kubwa. Kikombe kikubwa cha uji huo na ndizi vinakupa wanga unaokaribia gramu 70. Ukiongeza mayai mawili ya kuchemsha unapata protini kama gramu 20, na hicho ndicho kiasi kinachohitajika kukarabati misuli kwa mlo mmoja. Kopo la unga halikupi kitu ambacho maziwa, mayai na maharage hayakupi.

Baada ya saa moja na nusu, njaa ikirudi, kula chakula kamili. Nyumbani kwa mama yangu Kibosho ni mtori. Ndizi za kupika zinachemshwa na nyama ya mfupa hadi zilainike, zinapondwa kwa mwiko mle mle chunguni, kitunguu na chumvi, zinakuwa nzito kiasi cha kunyweka. Wanga, protini, maji, chumvi, vyote kwenye bakuli moja. Mama hajui neno glaikojeni, yaani huo wanga wa kwenye misuli, na amekuwa akiwapa mtori akina mama waliotoka kujifungua miaka yote.

Mengine ni mafupi. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimeze baada ya mbio ndefu ukiwa umekaukiwa maji, figo zinaumia. Bia iache hadi umekula na mkojo umerudi rangi ya maji ya limao. Kukaza kwa kigimbi usiku mara nyingi ni misuli iliyochoka yenyewe, chumvi ni sehemu tu ya habari, kwa hiyo usishangae kikirudi mara moja moja. Kivute kidole gumba kuelekea kwenye goti, taratibu.

---

Mpishi_Iten

Habari dada, na salamu kwa huyo muuguzi, amesema vyema. Mimi napika kwenye kambi ya wakimbiaji hapa Iten, Kenya, mwaka wa tisa sasa. Wengi huja wakitarajia kuona vyakula vya ajabu jikoni kwangu. Hakuna.

Vijana wanatoka saa 12 asubuhi. Wanaporudi, kitu cha kwanza ni chai ya maziwa, ile iliyopikwa kwa sufuria maji na maziwa pamoja, na sukari ya kutosha. Hakuna anayeoga kwanza. Wanakaa kwenye nyasi na vikombe, mkate au viazi vitamu, wakishika cha pili ndipo mazungumzo yanaanza. Mimi hujua mbio ilikuwa ngumu kwa kuangalia debe la sukari. Mchana ni wali na maharagwe au githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja. Jioni ni ugali, sukuma wiki au managu (mnavu), nyama siku kadhaa kwa wiki na wala si nyingi, na maziwa lala au mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu.

Kuna watafiti waliokaa na wakimbiaji kumi wa hapa Kenya wiki nzima wakipima kila sahani, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wanga ilikuwa karibu asilimia 76 ya nguvu yote waliyokula, na ugali peke yake karibu asilimia 23. Kwa hivyo dada usiogope ugali.

Jambo moja kwako kama mwanamke. Chai ni nzuri punde baada ya mbio, lakini usiinywe pamoja na mlo wa maharagwe na mboga, kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Wasichana wa hapa mara nyingi ndio hupungukiwa damu. Mimi huwatenganishia: chai asubuhi, na mchana kwenye maharagwe nawawekea chungwa au ndimu, hiyo inasaidia chuma kupita. Ukiendelea kuchoka kila wiki hata ukila vizuri, pima damu.

---

Ticha_Mwenge

Nimerudi baada ya Jumapili mbili. Kwanza asanteni, sikutegemea watu watajitolea muda hivi.

Nilinunua mzani. Jumapili ya kwanza nilitoka na kilo 64.2, nikarudi na 61.8. Kilo 2.4, na njiani nilikuwa nimekunywa zaidi ya lita moja. Fulana nyeusi iliyokauka kwenye kamba ilikuwa na mistari meupe hadi mume wangu akauliza imemwagikiwa nini.

Uji nilimwomba mama mdogo aupike usiku. Nusu kikombe cha kwanza nilikilazimisha, nimesimama pale Coco nimeshika ukuta. Baada ya dakika kumi tumbo likatulia, nikamaliza chote na ndizi. Nyumbani mayai mawili, na ule mchanganyiko wa sukari na chumvi lita moja nikiunywa polepole huku nasahihisha madaftari. Saa 5 nilikuwa na njaa ya kweli, nikala wali maharage na mchicha, chungwa, chai nikaiacha hadi saa 10. Kichwa hakikuuma. Pete ilizunguka. Kigimbi kilikaza kidogo usiku, nikavuta kidole, kikaachia.

Jumanne nilikimbia kilomita 8 na miguu ilikuwa miguu yangu.

Swali la mwisho kwa Nesi. Mbio za Moshi zinaisha Jumapili mchana, na mimi nina kipindi Jumatatu asubuhi, kwa hiyo napanda basi siku hiyohiyo. Safari nzima ya kutwa. Nibebe nini?

---

Nesi_Kibosho

Hongera sana Mwalimu, nimefurahi kusikia hiyo pete.

Kabla ya basi hakikisha umekunywa kitu na umekula, hata kama ni bakuli moja la mtori. Barabara ya Mweka ndefu ile ya kupanda itakuwa imekumaliza. Kwenye begi weka viazi vitamu vya kuchemsha vitatu, mayai manne yenye maganda yake, chumvi kwenye kipande cha karatasi, karanga, ndizi mbili ambazo hazijaiva sana zisije zikapondeka, na chupa ya mchanganyiko wa lita moja. Maziwa usibebe, joto litayaharibu kabla ya Same. Kaa kiti cha upande wa njia, siyo dirishani, na kila basi likisimama shuka utembee hata kama ni dakika mbili. Na kama unaweza kumwomba mwenzako akushikie kipindi cha kwanza cha Jumatatu, mwombe leo.