"Hizi ndizo zote?": yule wa dirisha la mwisho amenivua nguo mbele ya halaiki

Begi_Halijafunguliwa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa bado nimevaa viatu, begi liko mlangoni halijafunguliwa, na mikono inatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirudia jambo moja mara nyingi. Yule afisa wa uhamiaji wa dirisha la mwisho, kule uwanja wa ndege, mnamjua. Simtaji, wala sina haja ya kumtaja, maana kila aliyewahi kushuka katika uwanja ule akiwa na pasipoti ya rangi kama yangu anamjua kama anavyoijua foleni yake, ambayo mtu huingia kijana akatoka mzee.

Nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na viza, tiketi ya kurudi, hoteli iliyolipiwa siku zote kumi na mbili, bima ya safari, taarifa ya benki ya miezi sita iliyogongwa muhuri hadi wino ukatokea upande wa pili, pamoja na kadi. Akavipitia vyote kama mtu anayesoma gazeti la jana, kisha akaniuliza nina fedha taslimu kiasi gani. Nikamtajia. Akasema nizitoe. Nikazitoa, nikazisukuma chini ya kioo, na hapo ndipo bwana yule alipolamba kidole, akaanza kuzihesabu moja moja, akizigeuza na kuziinua kwenye taa kana kwamba nimezichapa mwenyewe ndani ya ndege, na alipofika mwisho akainua kichwa na kusema, kwa sauti ambayo nina hakika rubani aliisikia: "Hizi ndizo zote?"

Hizi ndizo zote! Foleni nzima ikanyamaza. Nyuma yangu mtoto mdogo akamuuliza mama yake iwapo mimi ni maskini, na mama akamjibu kwamba si vizuri kuuliza, jibu ambalo mnajua maana yake.

Nikamwonyesha kadi. Akasema kadi ni plastiki. Halafu, wakuu, akahesabu tena! Baina ya hesabu ya kwanza na ya pili, sura zilizochapwa kwenye noti zile zilianza kuota mvi. Akamaliza, akanitazama juu ya miwani, akarudia: "Hizi ndizo zote?" Waliokuwa mbele yangu walipita wakitabasamu, mmoja wao akiwa na kandambili na mfuko wa plastiki, na hakuna aliyemuuliza ana nini mfukoni. Sina ubishi na sheria, kila nchi ina mlango wake. Ninauliza tu: kidole kililambwa kwa kifungu gani?

Kiti_cha_Dirishani

Pole sana, ndugu yangu. Mwenye miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua? Huyo huyo. Mwaka juzi alinitaka nifungue pochi ya mwanangu wa miaka mitano, tukakuta ndani yake kifutio na sarafu mbili, naye akaziandika.

MzeeWaMihuri

Mleta uzi, pole, ingawa nina swali moja. Uliingia au hukuingia? Nimesoma maelezo yako tangu mwanzo hadi mwisho nikitafuta mahali uliporudishwa kwenye ndege, sijapaona.

Begi_Halijafunguliwa

Niliingia, mzee wangu. Aligonga muhuri. Lakini hilo silo suala. Suala ni kwamba alihesabu mara mbili.

Pasipoti_Mpya

Kumbe muhuri uligongwa! Mimi nilikuwa nimekwisha kulia, naomba nirudishiwe machozi yangu. Halafu utueleze hizo fedha zilikuwa kiasi gani, maana kadiri unavyozikwepa ndivyo ninavyoanza kumwelewa yule afisa.

MzeeWaMihuri

Nilidhani hivyo. Vijana, viza si ahadi ya kuingia, ni ruhusa ya kufika mlangoni ukabishe hodi. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kifungu cha 6 cha kanuni ya mipaka kinamtaka mgeni awe na fedha za kutosha za kujikimu na za kurudi alikotoka, kila nchi hutangaza kiwango chake, na kiwango hicho huzidishwa kwa siku utakazokaa. Ufaransa, kwa mfano, huhesabu euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli, euro 120 kwa asiye nayo, na euro 32.50 kwa aliyebeba hati rasmi ya mwenyeji wake. Thailand humtaka mwenye viza ya utalii awe na baht, fedha ya huko, 20,000, na familia baht 40,000. Kanuni hiyo ya Schengen inataja waziwazi kwamba fedha huweza kuthibitishwa kwa noti, kwa hundi za wasafiri na kwa kadi za mkopo, kwa hiyo kama uwanja wenyewe ulikuwa upande huo, bwana wa plastiki hajaisoma kanuni yake mwenyewe. Na angekukatalia, angelazimika kukupa fomu yenye sababu, nawe ungekuwa na haki ya kukata rufaa.

Begi_Halijafunguliwa

Ahsante kwa darasa, mzee wangu, lakini sijaona mahali kanuni inapotaja ulimi.

NotiMbichi

Wewe una bahati kwamba walikuuliza mlangoni, ana kwa ana. Mimi nilihukumiwa nikiwa sipo. Niliuza kiwanja, fedha zikaingia kwenye akaunti wiki mbili kabla ya kupeleka maombi ya viza, nikaambatanisha mkataba wa mauzo na barua ya kazi, nikajiona nimekamilika kama sanduku la harusi. Jibu lilipokuja lilisema kwamba chanzo cha fedha hakiridhishi. Yaani ukiwa huna fedha wanakukatalia kwa sababu huna, na ukizipata wanakukatalia kwa sababu umezipata.

Pasipoti_Mpya

Dada, kiwanja ulikiuza au ulikiazima? Sisi sote humu tunamjua yule shangazi ambaye fedha zake hutembelea akaunti za watu kila msimu wa maombi, kisha zikarudi kwake siku ya nne zikiwa zimechoka kwa safari kuliko mwombaji mwenyewe.

NotiMbichi

Nilikiuza. Na hata kama ningekiazima, wewe hukuwa shahidi.

Siku28

Hayo yote ni malalamiko ya watalii, ya mtu anayekwenda kupiga picha na kurudi. Ombeni viza ya kukaa muda mrefu ndipo mtajua fedha inavyoweza kumtesa mwenye fedha. Nilipoomba ya masomo Uingereza, kiasi kinachotakiwa kilipaswa kukaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Siku hizo sikununua hata kiberiti. Nilikuwa nikipita mbele ya benki nikiinamisha kichwa, nisije nikaishtua. Siku ya 26, benki yenyewe ikakata makato yake ya mwezi, salio likateleza chini ya mstari kwa kiasi ambacho hakiwezi kununua hata muhuri, na hesabu ikaanza upya kutoka siku ya kwanza.

Mstaafu_Mtarajiwa

Siku 28! Mwanangu, hizo ni likizo. Mimi nina miaka 61 na ninakaa Thailand kwa kibali cha wastaafu, kile cha waliotimiza miaka 50. Njia niliyoichagua ni ya akiba: baht 800,000 benki, ziwe zimelala pale miezi miwili kabla ya kuomba kuongezewa mwaka, zilale miezi mitatu baada ya kuongezewa, na kwa muda uliobaki zisishuke chini ya baht 400,000. Piga hesabu uone ni lini fedha hizo ni zangu. Zimelala pale kama mgonjwa aliyekatazwa kuinuka, nami ninakwenda kuzitazama kwenye kitabu cha benki kama anayekwenda kuona ndugu wodini. Na kila baada ya siku 90 ninakwenda kueleza kwamba bado ninaishi palepale nilipoishi.

Posho_Yangu_Mwenyewe

Mzee wetu, shikamoo, lakini wewe walau unaweza kwenda kuziona. Kwa wanafunzi wa Ujerumani kuna akaunti ya zuio: unaweka euro 11,904 za mwaka mzima kabla hujaondoka nyumbani, kisha unaachiwa euro 992 kwa mwezi. Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, na ninasubiri mwisho wa mwezi nipewe posho kutoka katika fedha zangu mwenyewe. Zikiisha tarehe 20, ninajikasirikia mimi niliyeziweka.

Mstaafu_Mtarajiwa

Marahaba, mwanangu. Hata hivyo, wewe zinaachiwa kila mwezi. Zangu haziachiwi.

Siku28

Lakini hakuna kati yenu aliyeanza upya siku ya 26.

Kiti_cha_Dirishani

Na Hispania hamjaitaja. Viza ile ya kukaa bila kufanya kazi inadai kipato cha mara nne ya kile kiwango cha serikali yao cha kupimia kipato, yaani euro 2,400 kwa mwezi, na kila mtegemezi anaongeza euro 600. Nilimwambia mume wangu kwamba kwa hesabu hiyo yeye ni mtegemezi wa euro 600. Mpaka leo hajacheka.

Begi_Halijafunguliwa

Ndugu zangu, ninaheshimu machungu ya kila mmoja, lakini ninaomba turudi kwenye dirisha la mwisho. Alizihesabu, akaniuliza kama ndizo zote, nikamwambia ndizo, akazihesabu tena. Baada ya hapo alizirudisha zikiwa zimekunjwa upande usio wake. Hebu fikirieni: mtu mzima, mbele ya watu wasiopungua mia, anaulizwa kama anavyoulizwa mtoto aliyerudisha chenji.

MzeeWaMihuri

Tumekwisha kukupa pole, bwana. Fungua begi, ukaoge.

Pasipoti_Mpya

Samahani, kwa kuwa wajuzi mmekusanyika: taarifa ya benki niliyoipakua mwenyewe kwenye simu inakubaliwa, au ni lazima niende tawini ikagongwe muhuri?

NotiMbichi

Japo ulinitukana, nitakujibu. Nenda tawini, na usiondoke mpaka wagonge kila ukurasa. Mimi nilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu ya ukurasa wa nne.

Begi_Halijafunguliwa

Wakuu, alilamba kidole.

Pasipoti_Mpya

Ukurasa wa nne ulikuwa na nini?