Mama ana bamba la chuma kwenye kifundo cha mkono, gumba linakwaruza. Litolewe?

Mwana_Birere (Goma)
Wapendwa, naomba ushauri. Mama ni mshonaji soko la Virunga. Aliteleza kwenye mawe ya volkano, akavunjika kifundo cha mkono wa kuume. Walimpasua, wakaweka bamba na skrubu upande wa kiganja. Mfupa umeshaunga. Ila akikunja gumba kushika mkasi, kuna kitu kinakwaruza ndani. Nikigusa juu ya kovu nakisikia hata mimi. Hospitali wanasema avumilie.

Nesi_wa_Bloku
Pole kwa mama. Asivumilie hilo. Kano inayokunja ncha ya gumba inapita karibu sana na ukingo wa mfupa upande wa kiganja. Bamba likisogezwa mno kuelekea vidole, au likibaki limeinuka bila kulala kwenye mfupa, linaisugua kano kila anapokunja, mpaka ikatike. Huja hata miaka baada ya operesheni. Ombeni radio (picha ya eksirei) ya ubavuni, iliyopigwa sawasawa, daktari alitazame bamba na ukingo. Tangu 2011 kuna ngazi za Soong, daktari aliyezitoa. Kwenye picha unachorwa mstari unaogusa ukingo huo, sambamba na mfupa: 0 bamba liko nyuma ya mstari, 1 limeuvuka mstari ila halijafika ukingoni, 2 limekaa juu ya ukingo au limeupita. Hiyo 2 ndiyo ya kuogopa zaidi.

Baba_Kadutu
Mimi ninalo la miaka, halinisumbui. Operesheni ya pili ni pesa, ndugu.

Nesi_wa_Bloku
Kweli baba, lisilosumbua mara nyingi huachwa. Mama huyu ana dalili, na mfupa umeunga. Kulitoa ni kazi ndogo kuliko kuunga kano iliyokatika. Wala tusimlaumu daktari haraka: mfupa ukivunjika karibu kabisa na kiungo, analazimika kulisogeza kuelekea vidole ili kipande kidogo kishikwe.

Kinezi_Bukavu
Dada, mshike mama gumba chini ya kiungo cha mwisho, mwambie akunje ncha tu. Isipokunjika, nendeni leo leo. Muulize pia kama anaumia mgongoni mwa mkono akiinua gumba. Skrubu ndefu ikitokeza upande wa pili hukwaruza kano za huko.

Mwana_Birere
Ncha inakunjika, ila kwa maumivu. Mgongoni hapana. Radio ya zamani tunayo, bamba naliona limefika ukingoni kabisa. Kesho tunampeleka kwa mpasuaji wa mifupa. Mashine aendelee nayo?

Kinezi_Bukavu
Mashine sawa, kama haumii. Mkasi mpe mwanafunzi wake.