Sayansi ya kompyuta nje ya jimbo: Alabama, UT Dallas, Utah, au tubaki Washington?

MamaNeema_Kent aliandika:

Habari zenu wapendwa. Naomba tulinganishe pamoja kabla maombi hayajafunguliwa. Binti yangu yuko darasa la kumi na moja hapa jimbo la Washington na moyo wake wote uko kwenye sayansi ya kompyuta. GPA yake (wastani wa alama za shule) ni 3.9, na SAT, mtihani wa kuombea chuo, amepata 1420. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, baba yake anaendesha lori. Kipato chetu kimepita kile kinachopewa misaada ya serikali, lakini dola 50,000 kwa mwaka hatuna, na ana wadogo zake wawili.

Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle karo ya mkazi ni kama dola 13,000 kwa mwaka, na ukiweka chumba na chakula inapita 30,000. Kinachonisumbua zaidi ya bei ni nafasi. Pale mtoto huchaguliwa kuingia sayansi ya kompyuta moja kwa moja akitoka sekondari, na akiikosa, kuhamia kutoka kozi nyingine ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana tumeanza kuangalia vyuo vya majimbo mengine vinavyotoa skolashipu kwa alama. Orodha yetu kwa sasa ni Alabama pale Tuscaloosa, UT Dallas (Chuo Kikuu cha Texas cha Dallas), Utah, na Purdue ya Indiana. Aliye na mtoto huko atuambie kilichobaki kulipwa baada ya skolashipu. Barua za pongezi tumeshaziona kwa majirani.

BabaImani_TX aliandika:

Mama Neema, hongera kwa kumlea binti wa alama hizo. Mimi niko Richardson, karibu kabisa na UT Dallas, na mpwa wangu alitoka Kansas akaja kusoma hapa, kwa hiyo hili nalijua.

Texas kuna sheria ambayo wazazi wengi wa nje hawajaisikia. Mwanafunzi asiye mkazi akipata skolashipu ya ushindani ya chuo ya angalau dola 1,000 kwa mwaka, chuo kinaruhusiwa kumtoza ada ya mkazi. Hapo ndipo penye pesa. Skolashipu yenyewe inaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ada inashuka zaidi ya nusu. Pale UT Dallas skolashipu kuu ya wanafunzi wapya inaitwa Academic Excellence Scholarship, ina ngazi kadhaa, na ngazi za juu zinaongeza pesa ya nyumba. Jambo la pili, wana mpango wa kufunga ada kwa miaka minne: kiwango unachoanza nacho ndicho unachomaliza nacho.

Muwe macho na hili: punguzo la ukazi limefungwa kwenye skolashipu. Skolashipu ikikatika, ada ya asiye mkazi inarudi yote. Mpwa wangu kila muhula hufungua ukurasa wa GPA yake kabla hajala, nami simlaumu.

Kwa kozi yenyewe sina wasiwasi. Kitivo cha kompyuta ni kikubwa, na eneo hili lilijengwa na kampuni za simu na elektroniki tangu enzi za Texas Instruments, ambayo waanzilishi wake ndio walioanzisha kituo cha utafiti kilichogeuka kuwa chuo hiki mwaka 1969. Mafunzo ya kazini yanapatikana bila kuhama mji.

Zuhura_Tuscaloosa aliandika:

Shikamoo mama. Niko mwaka wa tatu Alabama, sayansi ya kompyuta, nimetoka Maryland.

Uzuri wa huku ni kwamba hakuna kubahatisha. Chuo kinatoa jedwali: alama ya mtihani upande huu, GPA upande ule, pale zinapokutana ndipo pesa yako. Huandiki insha ya kuomba, unapata ukikubaliwa. Na hapo Neema yuko mahali pazuri, kwa sababu SAT 1420 inahesabiwa sawa na 32 ya ACT, ule mtihani mwingine wa kuombea chuo. Angepata 1410 angehesabiwa 31. Kwenye majedwali ya namna hii alama kumi tu zinaweza kukushusha ngazi nzima, kwa hiyo kabla hajaamua kurudia mtihani angalieni ngazi inayofuata inaanzia wapi. Kama iko mbali, muda huo autumie kwenye hisabati.

Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza hapa wametoka nje ya Alabama, hatajiona mgeni. Usafiri ndio mrefu: Tuscaloosa haina ndege za abiria za ratiba, unashukia Birmingham na kutafuta gari la kama saa moja. Kwa mtu wa Seattle, Krismasi na kiangazi peke yake ni pesa ya kupangiwa mapema.

Kampuni zinakuja kuajiri, ila nyingi ni za Birmingham, Atlanta na Huntsville. Kama anaota kampuni kubwa za kwenu Seattle itabidi atume maombi mwenyewe kwa bidii.

Mzee_Kombo aliandika:

Zuhura ameeleza vizuri. Naomba niongeze hesabu, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoumia mwaka wa tatu.

Skolashipu nyingi za jedwali ni kiasi cha dola kisichobadilika. Ada inabadilika. Chukulia mfano tu, si chuo chochote: ada 32,000, skolashipu 24,000. Mwaka wa kwanza unalipa 8,000, unafurahi. Ada ikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, mwaka wa pili unalipa 9,280, wa tatu karibu 10,600, wa nne karibu 12,000. Miaka minne jumla ni karibu 40,000, wakati mzazi aliweka akilini 32,000. Kisha ongeza nyumba, chakula, bima ya afya, na ile ada ya ziada ambayo vyuo vingi hutoza wanafunzi wa uhandisi na kompyuta. Purdue wanayo pia.

Tukiwa kwenye Purdue: skolashipu kwa watu wa nje ni chache, usiitegemee. Sifa yake ni kwamba ada ya msingi imesimama palepale tangu 2013, kwa asiye mkazi ni chini kidogo ya dola 29,000. Idara yake ya sayansi ya kompyuta ya 1962 ndiyo ya kwanza Marekani. Ni chuo kizuri sana, lakini kwa familia hii, Alabama au Dallas wakitoa walichoahidi, Purdue itakuwa ghali zaidi kwa mbali.

Kuna hati moja ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka, inaitwa Common Data Set. Nenda sehemu ya H2A. Inaonyesha wanafunzi wangapi wasio na uhitaji wa kifedha walipewa pesa ya chuo kwa ufaulu, na wastani wake ni kiasi gani. Chuo ambacho hapo kina watu wachache, hata matangazo yake yawe matamu vipi, kiweke chini ya orodha. Vilevile kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa tangu 2011 kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kaeni nacho jioni moja, mkiwa na karatasi za kodi mezani.

Kazadi_Boise aliandika:

Mama, mbona hakuna aliyetaja WUE? Nyinyi ni watu wa magharibi, ni haki yenu. Ni makubaliano ya majimbo ya magharibi chini ya WICHE, tume yao ya elimu ya juu: mwanafunzi wa jimbo mwanachama akisoma kwenye chuo kilichomo, analipa si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Washington imo. Boise State imo, Idaho, Nevada Reno, Northern Arizona, Montana State pia. Kutoka Kent hadi Boise baba Neema anafika kwa gari siku hiyohiyo, na hilo mimi nalihesabu kama pesa.

Lakini soma masharti ya kila chuo. Vingine vinaondoa kozi zenye msongamano kwenye mpango, na kompyuta huwa ya kwanza kuondolewa. Vingine vina idadi maalumu, ukichelewa imeisha. Piga simu, taja kozi kwa jina, uombe wakuandikie jibu kwa baruapepe.

Tena jimbo la New Mexico wana skolashipu yao inaitwa Amigo, pale chuo kikuu cha jimbo (UNM) mjini Albuquerque, inampa mtu wa nje ada ya mkazi kwa alama za kawaida kabisa. Maabara ya taifa ya Sandia iko mji huohuo.

Njeri_SLC aliandika:

Kuhusu Utah, nimeishi Salt Lake na dadangu mdogo alipitia hiyo njia. Majimbo mengi hayamruhusu mwanafunzi anayetegemea wazazi kuwa mkazi kwa sababu tu anasoma hapo. Anahesabiwa mkazi wa kwa wazazi wake mpaka amalize. Utah ni tofauti: akikaa miezi 12 mfululizo, akachukua leseni ya huko na kufanya mambo mengine ya kuonyesha amehamia, anaweza kuomba karo ya mkazi kuanzia mwaka wa pili. Hiyo inamaanisha kiangazi cha kwanza harudi nyumbani. Na kuna suala la kodi: mkiendelea kumweka kama mtegemezi kwenye fomu zenu za kodi ya serikali kuu, ombi linaweza kukwama. Mzungumze na ofisi ya ukazi ya chuo kabla ya kulipa hata senti.

Kwa kompyuta Utah si chuo cha kubahatisha. Mtandao wa ARPANET ulipoanza 1969 ulikuwa na vituo vinne, na cha nne kilikuwa hapo. Michoro ya kompyuta tunayoiona kwenye filamu leo ina mizizi mirefu pale.

MamaNeema_Kent aliandika:

Mungu awabariki. Mzee Kombo, hiyo hesabu nimeinakili kwenye daftari la jikoni. Maswali mawili. La kwanza, masharti ya kuishika skolashipu yakoje kwa kweli? La pili, Neema anasoma Running Start, masomo ya chuo cha jamii akiwa bado sekondari. Je, hilo litamwondoa kwenye kundi la wanafunzi wapya?

Mzee_Kombo aliandika:

La pili kwanza: kwa kawaida hapana. Masomo ya chuo aliyoyasoma kabla ya kumaliza sekondari hayamfanyi kuwa anayehamia kutoka chuo kingine, ataomba kama mwanafunzi mpya, na hizo ndizo skolashipu nono. Anayemaliza sekondari kisha akaenda chuo cha jamii miaka miwili, huyo anahesabiwa anayehamia, na pesa ya wanaohamia ni ndogo sana karibu kila mahali. Njia hiyo inafaa ukibaki jimbo lako.

La kwanza: vingi vinadai GPA ya 3.0. Wengine hukagua kila mwaka, wengine kila muhula. Kijana wa rafiki yangu, kwenye chuo ambacho sitakitaja, alianguka hadi 2.9 baada ya hisabati na muundo wa data kumkuta muhula mmoja. Hawakumpa muhula wa kujirekebisha. Barua ilikuja Juni, wakati vyuo vingine vyote vimeshafunga milango, na familia ikakopa. Kwa hiyo uliza maneno haya: je, kuna muhula wa onyo, na je, akiirudisha GPA pesa inarudi? Jibu la maswali hayo mawili mimi naliweka sawa na dola elfu kadhaa.

BinSalim_Mwanza aliandika:

Samahani kwa kuingilia. Mdogo wangu anamaliza kidato cha sita huku Tanzania. Haya yote yanamhusu?

BabaImani_TX aliandika:

Karibu ndugu yangu. FAFSA (fomu ya kuomba misaada ya masomo ya serikali kuu) na WUE havimhusu, hivyo ni vya raia na wakazi wa Marekani. Sheria ya Texas ya dola 1,000 haiwabagui wageni wa kimataifa, chuo chenyewe ndicho kinachoamua nani apewe skolashipu. Lakini kabla ya visa atatakiwa kuonyesha pesa ya mwaka mzima wa kwanza, pamoja na kula na kulala. Akipata punguzo la ada na hana hiyo nyingine, chuo hakitampa I-20, hati ya kuombea visa. Anzeni na hesabu hiyo.

Zuhura_Tuscaloosa aliandika:

Mama, nimesahau jambo kuhusu Huntsville. Kuna chuo dada, UAH, kidogo kuliko chetu, nacho kina skolashipu za alama kwa watu wa nje. Kiko jirani na kambi ya jeshi ya Redstone Arsenal na kituo cha NASA cha Marshall, wanafunzi wanafanya kazi huko wakiwa bado wanasoma. Ila kazi nyingi za pale zinadai kibali cha usalama, na hicho ni cha raia. Kama Neema bado ana kadi ya kijani, fuatilieni suala la uraia wake mapema, au alipime hilo kabla ya kuvutiwa.

MamaNeema_Kent aliandika:

Sisi wazazi tulishakula kiapo, naye akapata uraia kupitia kwetu. Basi UAH naiongeza.

Tumekaa jana na baba yake. Purdue tumeiondoa. Tutaomba UT Dallas, Alabama zote mbili, Boise na Nevada Reno kwa WUE, na Seattle pia, kwa sababu akichaguliwa kompyuta pale akakaa nyumbani, hesabu inabadilika kabisa. Utah baba yake hataki mtoto asirudi kiangazi chote cha kwanza, nami sikumlazimisha. Je, kikomo cha kukopa mnakiweka wapi?

Mzee_Kombo aliandika:

Mwanafunzi anayetegemea wazazi serikali kuu inamkopesha 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne. Jumla 27,000. Kwa mhitimu wa kompyuta anayepata kazi, mzigo huo unabebeka. Mkopo wa wazazi ni jambo jingine, riba yake iko juu, na kuanzia Julai 2026 umewekewa kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Kikomo cha serikali kisiwe kikomo chenu. Mna watoto watatu. Mimi ningechora mstari kwenye ile 27,000 ya Neema mwenyewe, na chuo chochote kinachodai sahihi ya mzazi juu yake kiondoke kwenye orodha hata kama amekipenda.

Majibu yakifika Machi, yaweke hapa na ada ya ziada na nyumba, tuyapige mahesabu kabla ya tarehe 1 Mei.