Tupeane uzoefu: mliambiwa mna matiti mazito, mazoezi yaliwasaidia?

Mama Swafiya, Majengo
Assalam aleikum dada zangu. Nina miaka 48. Oktoba nilipiga mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, karatasi ikatoka na herufi D, nikaambiwa matiti yangu ni mazito. Nililia kwenye tuktuk hadi mlangoni, nikidhani ndiyo saratani yenyewe. Tangu siku hiyo, nikishaswali alfajiri natembea pwani ya Mama Ngina hapa Mombasa, nia yangu huo uzito upungue. Kuna mwenzangu aliyefanya hivi akapimwa tena?

Bi Kongowea
Waaleikum salaam. Pole, lakini D si saratani. Mie ni C. Herufi ni nne: A ziwa karibu lote ni mafuta, D karibu lote ni tezi na nyuzi. Uzito huo si wa kilo, wala hauujui kwa kupapasa, unaonekana kwenye picha tu. Yule dada aliyenipiga picha alinigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Mafuta ni meusi, tezi ni nyeupe, na uvimbe nao hutokea mweupe. Nikamwambia, basi hii ni kutafuta punje ya mchele ndani ya tui! Akasema ndiyo hivyo hasa, kwa hiyo wenye C na D mara nyingi huongezewa ultrasaundi. Mie nilipopimwa kwa hiyo ikaonekana kifuko cha maji, basi. Usiku ule nililala.

Nesi wa Tudor
Mama Swafiya, natembea pia, kwa hivyo sikukatishi tamaa. Tafiti nyingi hazikuona mazoezi yakibadilisha uzito wa matiti. Huo unatokana zaidi na kurithi, umri na homoni, na kwa wengi hupungua hedhi ikishakatika. D yenyewe huongeza hatari ya saratani kiasi, ni kweli. Lakini mazoezi hupunguza hatari kwa njia nyingine: insulini, homoni ya sukari, hushuka, na mafuta mwilini yakipungua, estrojeni, homoni ya kike, hupungua, maana hedhi ikikatika mafuta ndiyo kiwanda chake kikubwa. Ndiyo maana mama akinenepa uzeeni picha yake yaweza kuonekana nyepesi na hatari yake ikawa imepanda. Usiifukuzie herufi. Tembea dakika 150 kwa wiki au zaidi, mwendo wa kukupandisha pumzi lakini bado waweza kuzungumza.

Binti Likoni
Mie nasema ya mama yangu mdogo. Alikuwa mwembamba, akiuza mahamri, beseni kichwani, anavuka feri na kuzunguka mji kwa miguu miaka yake yote. Chuchu ya kushoto ikaanza kuingia ndani. Alinyamaza miezi saba, akiifunga kwa leso ili sisi tusione. Alipojikaza kwenda, mtu aliyempokea akamwambia mtembezi kama yeye hawezi kuwa na ugonjwa huo, akampa dawa za maumivu. Neno lile linanichoma mpaka leo. Kutembea kunapunguza hatari, hakuiondoi. Alikuja kupimwa kwingine, akakatwa ziwa, akapewa dawa za saratani za kupitia mshipa. Mwaka wa nne huu yuko nasi, na jioni ananiambia, "Vaa raba twende." Kwa hivyo dada zangu, chuchu ikizama, ngozi ikibonyea kama ganda la chungwa, au ukigusa kijiwe hata kisichouma, usijiambie mie hutembea.

Mwana Kisauni
Hapa mtaani kwetu tatizo ni macho ya watu. Tulianza wawili, na dera zetu na raba, vijana wa maskani wakacheka. Sasa tuko kumi na moja na hakuna anayecheka.

Mama Swafiya, Majengo
Nimesoma yote, mengine nimemsomea mume wangu. Jumatatu naenda ultrasaundi na karatasi yangu mkononi. Binti Likoni, msalimie mama mdogo. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa Mama Ngina, penye mibuyu upande wa feri, nimevaa dera la kijani. Akiweza kuvuka, mwambie namngoja.